Kijito Kinachopita Zizini

Binti yetu alikuwa hajatimiza miezi miwili nilipoona midomo yake imegeuka rangi ya zambarau. Tulikuwa kijijini Kinyala, nyumbani kwa mama yangu, ambako mke wangu alikuja kupumzika baada ya kujifungua kwa upasuaji. Maziwa yake hayakutosha, kwa hiyo mtoto aliongezewa ya kopo.

"Ni baridi tu," alisema mama, akamfunika blanketi la pili.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, nami nilitaka sana kumwamini. Lakini kucha za mtoto nazo zilikuwa za bluu, na alipolia, sauti ilitoka ndogo, ya kuchoka. Nikaita bodaboda.

Njia nzima kwenda hospitalini Makandana, mke wangu aliingiza mkono ndani ya blanketi kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka.

Daktari alimtoboa kisigino. Damu ilitoka ya kahawia, kama chai iliyolala. Wakamwekea oksijeni na dawa kwenye mshipa, ndipo daktari akauliza, "Maziwa ya kopo mnakoroga na maji gani?"

"Ya kijito, lakini yamechemshwa," nikajibu. "Mama anayachemsha mpaka yanapungua nusu."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Mbolea haifi. Maji yakipungua, yenyewe inabaki sufuriani, tena kali zaidi."

Alitueleza kwamba naitrojeni ya mbolea na samadi ikizidi kwenye maji, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa. Alishuku kwamba hicho ndicho kilichompata binti yetu. Maji yapimwe, alisema, na mtoto asipewe tena hata tone.

Jioni midomo ilirudi kuwa myekundu. Mke wangu akalia kwa furaha. Mimi sikuweza, mawazo yalikuwa kwenye kijito.

Kinapita chini ya shamba la viazi la baba mdogo, na zizi lake la ng'ombe liko ukingoni kabisa. Zamani hapo palikuwa na kinamasi chenye matete. Yeye alikifyeka akapanda kabichi za kiangazi.

Afisa kilimo alikuja akachovya kikaratasi majini. Kikawa cha waridi iliyokolea, dalili ya mbolea nyingi. "Lile tope la kinamasi lilikuwa linawafanyia kazi," alisema. "Mle ndani mna viumbe wadogo wanaoigeuza mbolea kuwa hewa, ikaenda zake. Matete nayo yanakula sehemu yake."

Tukapanda kwa baba mdogo, mimi na mama. Moyo ulinidunda kuliko siku ya posa.

"Maji haya nimekunywa tangu utoto," alisema, bado ameshika jembe. "Mnataka kusema nimemtilia mjukuu wangu sumu?"

Mama ndiye aliyejibu. "Shemeji, mimi ndiye niliyemkorogea. Tusitafute mwenye kosa. Tutafute maji."

Aliinama akaendelea kulima. Tulirudi tukijua tumevunja undugu, na wiki ile yote hakupita kwetu kama kawaida yake. Kisha asubuhi moja nikamkuta anang'oa kabichi ambazo hazijafunga.

"Ndaga, baba," nikamshukuru.

"Usinishukuru. Lete jembe."

Tulihamisha samadi, tukaichimbia shimo mbali na maji. Ng'ombe wakajengewa zizi upande wa juu, mbali na kijito. Majirani walitusaidia kurudisha matete, na mvua zilipokuja tope likajaa tena.

Afisa alipopima mara ya pili, kikaratasi kilikuwa cha waridi hafifu, si cheupe. "Yanasafika," alisema, "lakini bado si ya kumkorogea mtoto mchanga. Na wakulima wa juu wakiweka mbolea ya kukuzia kisha mvua ikanyesha kubwa, yatapanda tena."

Kwa hiyo maji ya kunywa tulianza kuchota kwenye chemchemi ya ng'ambo. Mama analalamikia magoti, lakini anakwenda. Mvua ikipiga bati usiku, nahesabu moyoni ni nani kule juu aliyetia mbolea jana.

Binti anakimbia sasa. Mke wangu ni mjamzito tena, na siku hizi tumepanga chumba mjini Bulyaga. Juzi mama alipiga simu.

"Safari hii pia mtakuja kupumzikia kwangu, si ndiyo?"

Nilimwambia nitamuuliza mke wangu. Bado sijamuuliza.