Mijozi Sitini na Shingo ya Gulsunai

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala kwenye mteremko wa Kara-Jar. Gulsunai Toktorova anazungushia shina la mjozi, mti wa kokwa za jozi ulio uani kwake, utepe wa fundi cherehani: sentimita thelathini na nne. Kisha analegeza ushungi, anajipima shingo kwa utepe uleule.

"Thelathini na tano," anasema taratibu. "Tunakaribiana."

Kijijini wanaamini kwamba apandaye mjozi hufa siku shina likifikia unene wa shingo yake. Huu aliupanda yeye, miaka kumi na miwili iliyopita; hunenepa karibu sentimita tatu kwa mwaka. Watu humsalimia wakimtazama chini ya kidevu.

"Baba alipofariki niliupima mjozi wake. Thelathini na tisa. Nikatazama kola ya shati lake: thelathini na tisa." Anakunja utepe. "Siamini. Lakini napima."

Gulsunai, 43, hulipwa som elfu kumi na sita kwa mwezi kupanga kilimo cha miti na mazao. Mwaka jana mteremko uliporomoka, ukafukia mazizi mawili na ng'ombe sita. Chini yake zimebaki nyumba kumi na tisa.

Mpango wake ni mijozi sitini kwa mistari inayokingama mteremko, mita kumi kati ya mti na mti, na nyasi za mifugo katikati, maana mboga hazistawi chini ya mjozi. Itunzwe miaka mitano, mizizi ishike udongo. Kijiji kilikubali kila kitu, isipokuwa kupanda.

Mashimo sitini yako wazi ukunguni. Hakuna anayeyatazama kwa muda mrefu. Baada ya siku nane ardhi itaganda.

"Shemeji Dooronbek, una shingo ya fahali," anamtania jirani anayeshusha miche mgongoni mwa punda. "Panda hata mmoja."

"Kuchimba nimechimba, kubeba nimebeba. Kuutia shimoni, utie mwenyewe."

Gulsunai anapiga magoti, anautia.

Mama mkwe wake, Burul, anapanda njia akihema. "Mkaidi wewe! Ukifa, chai nitapikiwa na nani? Na punda?"

"Kuna nyumba kumi na tisa, mama."

Bibi anamtazama shingo. Anavua shali lake la sufu, anamzungushia mara mbili, anakaza fundo.

"Pima sasa."

Gulsunai anapima. Hamsini na moja. Midomo yake inahesabu.

"Miaka sita," anasema. "Inanitosha."

Anachukua mche wa pili.