Neno la Ziwa na Dumu la Ancilla

Ancilla hakusoma hata darasa moja, lakini sheria alijua kuitunga. Nyumbani kwake Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ziwa liliitwa ikiyaga, kwa Kirundi. Mjukuu wake Sonia, mzaliwa wa kambini, akiteleza ulimi akaliita enyanja kama Wanyankore wenyeji, adhabu ilikuwa kubeba dumu akachote maji upya.

"Bibi, mbona maji yamejaa!"

"Mwagilia maharagwe, urudi bombani."

Majirani walimwona mkali. Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, shemeji zake walimpora shamba la michikichi kule kwao Nyanza-Lac. Walichukua ardhi, wakachukua nyumba. Neno ikiyaga hawakuliona. Akavuka nalo mpaka.

Sasa Sonia na mama yake wamepata safari ya kuhamia Ujerumani. Kila Jumamosi Ancilla humpeleka mjukuu wake kusoma lugha Kakoba, mjini Mbarara, kwa Appolinaire, Mkongo aliyefundishwa Kijerumani na mapadre. Hukaa pembeni akichambua maharagwe, moyo ukimuuma: huko aendako, mtoto huyu atakumbuka nini?

Siku moja akashindwa kunyamaza. "Mwalimu, hao Wajerumani neno lao la ziwa, hilo See, walilitoa wapi?"

Appolinaire akacheka. "Mama, umeniuliza ya bakubwa! Babu zao ba zamani sana balikuwa banasema saiwiz, ziwa na bahari, yote mbili. Hakuna fasi liliandikwa. Bataalamu balilijenga kwa kulinganisha luga za bajukuu. Kwenye lilitoka, hakuna mutu anajua. Bengine banasema lilizaliwa na neno la maji kudondoka. Bengine banasema babu balihamia tu, bakalikuta kwa benyeji."

"Na hao wenyeji walikwenda wapi?"

"Habajulikane, mama. Pengine neno tu ndilo lilibakia."

Ancilla akarudi kwenye maharagwe yake. Somo lilipokwisha wakapanda gari la kurudi kambini. Gari lilipopanda kilima cha mwisho, maji ya ziwa yakang'aa chini kwa jua la alasiri, naye akamshika Sonia mkono.

"Mwanangu, tazama enyanja ilivyo nzuri leo!"

Sonia akamgeukia polepole.

"Bibi. Dumu."

Ancilla alicheka hadi akafuta macho kwa kitenge. Walipofika akabeba dumu kweli, lita ishirini, na mgongo wake ule wa kizee. Sonia akamfuata nyuma, mikono kiunoni kama askari.

"Linaitwaje, Bibi?"

"Ikiyaga."

"Sijasikia!"

"Ikiyaga, mkuu wangu," akasema Ancilla, na kwa mara ya kwanza tangu habari ya safari ije, moyo wake ukatulia.