Lile Beseni Halikuwa la Miguu

Jamani, Senge amesugua visigino kwa tumbawe langu!

Nilikuwa nimelitoa kwenye tangi la samaki kwa sababu taa ilikuwa inalichoma. Nikaliacha mlangoni, kwenye beseni la maji ya chumvi, nikaenda kuiinua ile taa.

Senge, dadake baba, akafika kutoka Butali, miguu vumbi tupu.

"Asante mwanangu, umeniwekea maji na jiwe!"

Nikapiga kelele: "Senge, hiyo si jiwe! Ni mnyama, iko hai!"

Akainua mguu. Mpaka sasa hajaukanyagia chini.

Tumbawe nimelirudisha tangini, chini kabisa, kivulini. Limejikunja. Sikai, sisimami. Nyinyi wa Mombasa mnaosoma barua pepe hii, litafunguka kweli?

Senge naye kila saa: "Imefungua mdomo? Nataka kuiomba msamaha."