Doa Kwenye Kabro ya Mwalimu

Mara ya kwanza tulipokwenda Othaya kumtambulisha ndugu yangu kwa wazazi wa mchumba wake, gari letu liliacha doa la oili kwenye kabro mpya ya wenyewe, yale matofali ya saruji yanayotandikwa uani. Lilikuwa na ukubwa wa sahani. Baba wa msichana, mwalimu mstaafu, aliliona tulipokuwa tukiagana. Hakulalamika. Alileta maranda ya mbao akalifunika, kisha akamuuliza ndugu yangu kwa upole, "Kijana, kwenu mnatunza vitu?"

Swali hilo tulirudi nalo Nyeri. Tulikuwa na wiki mbili kabla ya ruracio, siku ya kuzungumza mahari, na kila mtu nyumbani alijua kwamba gari likidondosha tena mwalimu atakuwa amepata jibu lake. Kukodisha gari lingine hakukufikirika. Hili lilikuwa la anko, ndugu mdogo wa baba, na anko ndiye msemaji wetu. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta mahali oili inapotokea, kwa sababu nina kijitabu na hupenda kuandika mambo.

Ni gari la abiria la zamani, lile ambalo injini iko chini ya viti vya mbele. Mimi huendesha. Anko hukaa kando yangu, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne.

Fundi wa kwanza, pale pale Nyeri, alitandika katoni, akaingia uvunguni, akaweka kidole mahali injini inapokutana na giaboksi. "Sili ya nyuma imeisha," alisema, yaani ule mpira unaozuia oili isivuje. "Lazima tushushe giaboksi."

"Huyo anajua kazi," alisema anko kutoka kitini.

Wa pili, Karatina, aliingia uvunguni akatoka akicheka. "Nani amewadanganya ati ni sili? Hiyo ni gasketi ya sampo." Sampo ndilo karai la oili lililo chini kabisa ya injini.

"Huyu ndiye anajua," alisema anko.

Wa tatu alikuwa Kagio, mtu aliyesifiwa kwa kutengeneza malori ya nyanya. Aliingia uvunguni, akanusa oili kwenye kidole, akatoka na uso wa mtu anayeleta habari za msiba. "Mzee, hii injini imechoka. Tafuta ingine."

Huyo, anko hakumsifu.

Niliposoma kijitabu changu niliona kwamba maoni yalikuwa matatu, lakini kila ukurasa ulianza kwa maneno yale yale: aliingia uvunguni. Hakuna aliyetazama kutoka juu, ingawa oili, kama maji, huteremka. Nikamuuliza wa Kagio kama tungeweza kuosha injini, tuone oili mpya inaanzia wapi. Alinitazama kama niliyesema tumvue mzee kofia mbele ya watu.

"Ati uoshe? Hiyo uchafu ndiyo inashikilia oili, boss. Ukitoa, yote inamwagika."

Na kutazama kutoka juu kulitaka kiti kiinuliwe, na juu ya kiti alikuwa anko. Anko anaamini kwamba fundi akiachwa peke yake na gari hubadilisha vipuri, kwa hiyo hashuki. Katika miji mitatu, hakuna fundi aliyethubutu kumwambia mtu mwenye mvi ainuke.

Alhamisi anko alikwenda hospitali kupimwa presha, akaniachia ufunguo. Nilipeleka gari kwa waosha magari, nikaondoa blanketi, nikainua kiti.

Mahali pa kifuniko cha oili palikuwa na gunzi la mahindi. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku miaka mingi iliyopita, na kushindiliwa vizuri, kama unavyoziba mtungi wa maziwa. Niliosha injini, nikaendesha hadi Karatina na kurudi, nikainua kiti tena. Mchirizi mmoja safi wa oili ulianzia kwenye gunzi, ukateremka nyuma ya injini, ukaishia mahali hasa fundi wa kwanza alipoweka kidole.

"Anko," nilimwambia jioni, "kifuniko cha oili kiko wapi?"

"Si kiko hapo?"

"Hilo ni gunzi."

"Ni gunzi, lakini ni jipya. Nilibadilisha Krismasi. Mfuko tu ndio wa zamani. Siku hizi hupati mfuko kama huo."

"Na mafundi wote hao, mbona hukuwaambia?"

"Waliniuliza?"

Ijumaa nilinunua kifuniko na kukifunga mwenyewe. Jumamosi, siku ya ruracio, tulipoingia uani Othaya, mwalimu alikuwa amesimama na katoni mkononi. Kabla hatujashuka aliinama, akaisukuma chini ya gari letu. La jirani yake, lililoegeshwa kando, halikupewa katoni.

Mazungumzo yalichukua mchana mzima. Anko aliongea vizuri, hasa kuhusu ukoo wetu na jinsi unavyotunza vitu. Nilitazama sakafu.

Wakati wa kuondoka mwalimu aliivuta katoni, akaigeuza pande zote mbili, akaipangusa vumbi. Ilikuwa kavu. Akampa ndugu yangu mkono, kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu. Kisha akamkabidhi anko katoni dirishani.

"Mzee, endeni nayo," alisema. "Siku ya harusi mje nayo."