Linta Aliyoimwaga kwa Mkono Wake

Saa moja asubuhi, Amaq Sederi anapanda juu ya kiti cha plastiki sebuleni kwa Inaq Nurmah, yaani Mama Nurmah, kaskazini mwa kisiwa cha Lombok, Indonesia, na kuanza kugonga juu ya dirisha kwa mpini wa nyundo. Anapofika katikati sauti inabadilika, inakuwa kama ya debe tupu.

"Unasikia?" anauliza.

"Nisikie nini? Wewe ziba ufa tu, fundi," anajibu Inaq Nurmah, mjane anayeuza mboga sokoni. "Jumapili binti yangu anaolewa, nina wageni mia mbili, na wewe unanipigia ngoma ukutani!"

Wiki iliyopita fundi huyu mwenye miaka hamsini na tisa alipaka saruji nyembamba juu ya ufa ili kuupima. Leo saruji hiyo imepasuka palepale. Ufa bado unatembea. Chini ya linta, boriti ya zege juu ya dirisha, unameza ukucha wake wa kidole gumba, na pembeni kuna doa la kutu.

Anachukua tindo. Plasta inaanguka, kisha zege linamomonyoka kama sukari guru iliyolowa. Ndani kuna nondo mbili tu, hakuna hata ringi moja ya kuzifunga, na kutu imezila zikabaki nyembamba kama sindano za kufumia.

"Astaghfirullah! Fundi gani alifanya ushenzi huu?"

Amaq Sederi anashuka kitini.

"Ni mimi, Inaq."

Alijenga nyumba thelathini na moja hapa, zote kwa mchanga wa ufukweni, kwa sababu ulikuwa karibu na hauna mwenyewe. Hakujua kwamba chumvi yake inakula chuma.

Lilipokuja tetemeko kubwa, nyumba kumi na saba zilianguka. Mojawapo ilikuwa ya dada yake, Inaq Sumirip, aliyekuwa amekaa chini ya dirisha akimenya maharage. Linta ilimwangukia.

"Ile nyumba ilikuwa zawadi yangu kwake," anasema.

Baadaye mafundi waliitwa kwenye mafunzo. Mwalimu alipofika kwenye somo la mchanga wa bahari na chumvi yake, mafundi wengine walicheka. "Mimi nilikaa nyuma ya darasa nikihesabu nyumba," anasema.

Tangu hapo anazifuata zilizobaki kumi na nne. Ujira hachukui. Saruji ananunua kwa rupia laki moja na thelathini anazolipwa kwa siku kwenye kazi za watu wengine. Amekwisha kurekebisha nane.

Inaq Nurmah anatazama nondo zile.

"Miaka kumi na tisa nimelaza wanangu chini ya dirisha hili," anasema. "Na marehemu mume wangu alimsifia fundi aliyeijenga mpaka anaingia kaburini. Kumbe ni wewe."

Mjane anatoka nje, anakaa barazani na kumpa mgongo. Amaq Sederi anaendelea kubandua plasta karibu nusu saa.

"Utamaliza lini?" anauliza, bila kugeuka.

"Leo naegemeza mianzi ya kushikilia ukuta na kubomoa. Kesho nasuka nondo nne na ringi. Kesho kutwa namwaga zege, kwa mchanga wa mtoni. Mianzi itakaa wiki tatu."

"Yaani bibi harusi apigwe picha na mianzi dirishani?"

"Apigwe nayo, Inaq."

Siku hiyo kahawa haikuletwa. Katika kitongoji hiki, fundi kunyimwa kahawa si jambo dogo. Amaq Sederi alikunywa maji ya ndoo aliyolowekea matofali, akaendelea kubomoa.

Ikitoka hii, zitabaki nyumba tano. Mkono wake wa kulia haupandi tena juu ya sikio, naye anaomba bega limvumilie mwaka mmoja tu. Wenyewe wanne wamekubali. Wa tano, Amaq Kertih, ameapa kwamba akimwona mlangoni atamkata kwa panga.

"Nikishamwaga zege hapa nitakwenda kwake," anasema. "Ndani siingii. Nitasimama barabarani nimpigie kelele ahamishe kitanda chini ya dirisha."