Chupa Isiyo na Hewa

Rudasingwa alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, na hilo ndilo linaloniumiza. Ukimwambia avae glovu mbili, anavaa mbili na kukuonyesha zote. Alitoka milima ya Kivu Kusini, akakaa miaka kumi na mitano kambini Rwanda, kisha akavuka bahari kufanya kazi ghalani Louisville, hadi alipopata kazi pamoja nami, mimi Chacha, mwendo wa saa moja na nusu kusini ya Columbus. Tunasafisha ardhi na maji kwenye kiwanda cha zamani kilichokuwa kikirutubisha urani.

Watu kanisani kwa Rudasingwa wakisikia urani wanaogopa mionzi, wanatuuliza kama tunang'aa gizani. Hatung'ai. Kinachonikosesha raha pale ni kemikali ya kuondolea grisi kwenye mashine. Wenye kiwanda waliimwaga chini miaka na miaka bila haya, ikazama hadi kwenye maji ya ardhini, na sasa inatembea taratibu kuelekea mashamba ya watu. Haina rangi. Sisi tunayavuta maji kutoka visima vya kupimia, tunayatia katika chupa ndogo na kuzipeleka maabara.

Desemba Rudasingwa alipanga nyumba karibu na kazi. Mkewe, Joselyne, alikuwa na mimba ya miezi mitano baada ya mbili kuharibika, na hakutaka kuwa mbali naye. Nyumba ilitumia maji ya kisima. Wiki ya pili ikaja karatasi mlangoni: maji haya yasinywewe mpaka yapimwe. Mwenye nyumba akasema hayo ni mambo ya serikali tu, yeye ameyanywa tangu utoto.

"Bon, kaka," Rudasingwa akaniuliza, "tukichemusha je?"

"Chemsheni sana," nikamjibu huku natafuna mkate. Kambini walifundishwa hivyo, na kwetu Tarime mama yangu alinifundisha hivyo hivyo: maji mabaya dawa yake ni moto. Nilikuwa na mwaka mzima kazini na sikujua zaidi ya hapo. Mjinga mkubwa mimi.

Joselyne akachemsha. Sufuria kubwa, asubuhi na jioni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, mvuke ukichuruzika kwenye vioo. Jumapili moja nilikwenda kuwasalimu, nikanywa chai ya maziwa vikombe vitatu na kumsifu mama wa nyumba.

Januari msimamizi wetu, mama wa Kizungu asiyependa utani, aliiinua chupa ya Rudasingwa na kuona kiputo kimoja cha hewa. Akamwambia aimwage, arudie. Tulijua kwamba chupa hujazwa mpaka juu kabisa na kulazwa kwenye barafu, ila hatukuwahi kuuliza kwa nini. Siku hiyo Rudasingwa aliuliza.

Msimamizi akaeleza. Kemikali ile haikai majini ikipata njia. Ukiiachia hewa kidogo tu, inahama na kuingia humo. Ikipata joto inahama mbio.

"Na maji yakichemka?" Rudasingwa akauliza.

"Nyingi inaingia hewani, na aliye karibu anaivuta." Kisha akamtazama vizuri. "Nani anachemsha?"

Rudasingwa alivua glovu, akapiga simu na kuweka sauti kubwa. Joselyne alipokea, sauti yake nzito kama ya mtu aliyefunikwa.

"Uko wapi?"

"Niko ndani ya blanketi na sufuria. Mafua ilinishika tangu jana, donc niko najifukiza. Pua inaanza kufunguka."

"Toka humo, Joselyne."

"Ngoja kwanza, maji ingali moto."

Rudasingwa akanipa simu. "Mwambie weye, kaka. Mi siwezi."

"Shemeji," nikasema, "toka. Fungua madirisha yote, vaa koti, ukae nje."

Alitii mara moja. Nilisikia blanketi likivutwa, kisha mlango, kisha upepo. Ndipo akauliza, bila hasira yoyote:

"Shemeji, si mulisemaka nichemushe? Mutoto iko na shida?"

Rudasingwa alikuwa ananitazama mdomoni. Nikamwambia Joselyne afunge koti vizuri, nje kuna baridi.