Waya Nilioamuru Ukatwe

Kabla ya siku ile hali ilikuwa hivi. Gari langu, saluni ndogo iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, lilikuwa na feni mbili za umeme nyuma ya rejeta, na zote mbili zilikuwa zimeungwa dairekti. Maana yake ni kwamba fundi aliziondoa katika amri ya sensa ya joto, akazipa waya wa peke yake kutoka kwenye swichi, zikawa zinazunguka tangu ufunguo unapogeuzwa hadi gari linapozimwa. Magari mengi ya Singida huendeshwa hivyo, na wenyewe hawalalamiki.

Mama yangu alikuwa hai, akiishi nami Mwankoko. Dada yangu, aliyenizidi miaka tisa, alikuwa ameolewa Shelui, chini ya mlima wa Sekenke. Kati yao palikuwa na ahadi moja: mama akifa, dada ndiye atakayemwosha. Mama aliidai ahadi hiyo mbele yangu, akairudia kila dada alipokuja kumtazama, kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza chumvi.

Nami sikuipenda feni isiyonyamaza. Feni haikuwekwa garini ili izunguke daima. Gari likienda kasi, upepo wa njiani hutosha kuyapooza maji. Feni huhitajika gari linaposimama au linapotambaa, nayo yapasa iwake maji yanapokaribia joto la kuchemka, izime yakishapoa kidogo. Injini inayonyimwa joto lake hula petroli bure, na mota ya feni inayozunguka asubuhi ya baridi ya Juni hujichosha kwa kazi isiyokuwapo. Yote hayo ni kweli. Ninayaandika kwa sababu sikukosea hata moja kati yake.

Nilinunua sensa iliyotumika katika duka la vipuri mjini, na kabla ya kuipeleka gereji niliijaribu nyumbani. Niliichovya katika sufuria ya mama juu ya jiko la mkaa, nikaiunganisha na betri na taa ndogo ya kupimia. Maji yalipoanza kutokota, taa iliwaka. Nikaipooza, nikarudia, ikawaka tena. Mara ya tatu maji yalitokota mpaka yakaruka nje ya sufuria, na taa haikuwaka.

Mama alikuwa akichambua mlenda kibarazani. "Imekataa?" akauliza.

"Haijakataa, mama. Maji yamepungua, hayaifikii vizuri."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Sikuongeza maji ili nijaribu mara ya nne. Mara mbili kwa moja zilinitosha.

Fundi alikuwa kijana mcheshi, aliyejifunza kazi kwa mikono.

"Shikamoo mwalimu. Leo tena feni?"

"Marahaba. Nataka ziwake kwa wakati wake."

"Wakati wake nani anaujua? Sensa ya dukani ni kama shemeji mgeni, mwalimu. Anakula vizuri, salamu nzuri, ila shambani hujamwona bado."

Wenzake waliokuwa chini ya lori wakacheka. Nilimweleza habari ya joto na upepo, naye akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaifunga sensa kama nilivyotaka. Alipomaliza akanionyesha waya mwekundu alioukunja kando ya betri.

"Huu wa dairekti nimekuachia. Siku ikikugomea unachomeka tu hapa, unaenda zako."

"Ukate."

"Mwalimu, waya hauombi chakula."

"Ukate. Penye njia mbili, ile sahihi haitashughulikiwa na mtu."

Akaukata kwa koleo na kunikabidhi mkononi.

Wiki mbili baadaye mama alifariki, kabla ya sala ya alfajiri. Nilimpigia dada simu.

"Kuna basi la kutoka Igunga linapita hapa saa tatu," alisema alipokwisha kulia. "Nitalipanda hilo."

"Usilipande, dada. Magoti yako hayawezi ngazi za basi. Nakuja mwenyewe."

"Utawahi, mdogo wangu?"

"Nitawahi."

Shughuli za nyumbani nilimwachia mdogo wetu wa mwisho pamoja na maagizo: mazishi yawe baada ya alasiri, wala maiti asicheleweshwe kwa ajili ya mtu yeyote. Agizo hilo nimelitoa katika misiba ya watu wengi niliyoisimamia, na niliona aibu kulilegeza katika msiba wetu.

Niliondoka saa nne. Barabara ya kwenda magharibi ni tambarare kwa sehemu kubwa, kisha huteremka Sekenke, na gari linaloteremka halihitaji feni. Feni zilinyamaza njia nzima, nami niliusikiliza ukimya ule kwa kuridhika. Shelui nilifika saa sita. Dada alikuwa ameketi nje ya nyumba yake tangu saa mbili, na miguuni pake palikuwa na mfuko wenye kafuri, pamba na sabuni mpya. Nikamwambia tungoje adhuhuri, tuswali, ndipo tuondoke. Msafiri ana ruhusa ya kuichelewesha sala ile; nilijua. Dada aliingia garini, akaswali akiwa ameketi humo.

Saa saba tulikuwa njiani. Kwenye mlima tulikuta lori la shehena likipanda mwendo wa mtu anayetembea, na kwa ajili ya kona nisiweze kulipita. Feni zilitengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo: injini inafanya kazi ngumu na upepo haupo. Mshale wa geji ya joto ukavuka nusu.

"Kuna harufu," dada alisema.

"Ni breki za lori."

Baada ya kona mbili akasema tena, "Hiyo ni ya kwetu. Simama."

"Feni itawaka sasa hivi. Wakati wake ndio huu."

"Ukizima gari kidogo itakuwaje?"

"Dada, tafadhali. Mambo haya nayajua."

Mshale ulifika kwenye mstari mwekundu, feni zikiwa kimya. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti ukafunika kioo chote, na injini ikazimika yenyewe. Ilipopoa nilijaribu kuiwasha. Iligonga mara moja, ikakwama.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu alishuka, akachungulia, akavuta kipande cha waya mwekundu kilichobaki kwenye plagi ya feni.

"Mzee, hapa palikuwa na dairekti. Nani kakata?"

"Mimi."

"Ahaa." Akajifuta mikono kwenye suruali, akicheka. "Basi ingoje iwake." Alipomwona dada na mfuko wake akaacha kucheka. Akasema pole, na kwamba kiti cha lori lake kimejaa, lakini atamwambia yeyote atakayekutana naye aje atuchukue.

Saa nane mdogo wetu alipiga simu.

"Kaka, waoshaji wameshakaa. Wanauliza, wamngoje dada? Shekhe anasema hamna neno, jua bado lipo, tunaweza kuzika hata saa kumi na mbili kasoro. Sema wewe."

Sauti ya simu yangu ni kubwa. Dada alisikia kila neno, akanishika mkono juu ya kiwiko. "Waambie wangoje," alisema. Kisha akarudia kwa Kinyaturu, lugha ambayo mama alitumia kutuomba vitu, na ambayo mimi na yeye hatukuwa tumeongea kwa miaka.

Nilikadiria. Gari limekufa, usafiri sijui utapatikana saa ngapi, watu wamekusanyika, na agizo lilikuwa langu. Kwa mambo niliyoyajua wakati ule, hesabu ilikuwa sahihi.

"Waosheni," nikamwambia mdogo wangu. "Msimngoje mtu."

Dada aliuachia mkono wangu. Aliitoa ile sabuni mfukoni, akaiweka juu ya dashibodi, akashuka, akaenda kuketi juu ya jiwe upande wa pili wa barabara. Hakulia.

Saa tisa kasoro dakika kumi pikapu iliyobeba vitunguu ilisimama kutuchukua. Dada aliketi mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia.

Tulifika Mwankoko saa kumi na nusu, jua likiwa bado kali, na wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini. Mama alikuwa ameoshwa na wanawake watatu wa jirani, mmoja wao akiwa hajakaa mtaani hata mwaka. Dada aliingia ndani kupitia katikati ya watu bila kunigeukia, akaenda moja kwa moja uani, ambako maji ya kuoshea yalikuwa bado hayajakauka ardhini.

Injini ilibadilishwa. Fundi aliziunga feni dairekti bila kuniuliza, nami sikumzuia. Huzunguka tangu ninapogeuza ufunguo. Dada huja kumzuru mama kaburini mara mbili kwa mwaka. Huja kwa basi.